Shahada ya Fizikia Hupangwa kwa Hesabu

Ukishasajiliwa chuo kikuu kusoma Shahada ya Sayansi katika fizikia, utakabidhiwa orodha ya kozi za miaka yote: namba ya kozi, jina lake, krediti zake na semesta inayofundishwa. Wengi huisoma orodha hiyo kutoka juu kwenda chini, wakijumlisha krediti mpaka zitimie. Wewe isome kutoka chini kwenda juu. Tafuta kwanza kozi mbili za mwisho zilizo nzito kuliko zote, yaani mekanika ya kwanta na ile kozi ya pili ya umeme na sumaku, kisha ujiulize: ili niingie darasani siku ya kwanza nikiwa tayari, natakiwa niwe nimeshazoea hesabu zipi, na orodha hii inanifundisha hesabu hizo lini? Panda hivyo hivyo kozi baada ya kozi mpaka ufike semesta ya kwanza. Ukimaliza utakuwa na ratiba yako halisi, na mara nyingi haitafanana na ile uliyopewa.

Nasema hivi kwa sababu wanafunzi wengi wanaokwama mwaka wa pili na wa tatu hawakwamishwi na fizikia. Wanakwama pale mhadhiri anapoandika ubaoni hatua ambayo kwake ni jambo dogo la kalkulasi, nao hawajawahi kuiona. Mhadhara unasonga, wao wamebaki kwenye mstari ule ule. Wiki tatu za namna hiyo zikipita, mtu anaanza kuamini kuwa hana kichwa cha fizikia, wakati alichokosa ni semesta moja ya hesabu iliyowekwa mahali pasipo pake.

Ninayemfikiria zaidi ni aliyemaliza kidato cha sita Tanzania kwa tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) au PGM (Fizikia, Jiografia na Hesabu) na kuingia shahada ya miaka mitatu. Mwenzake wa Kenya aliyepitia mfumo wa 8-4-4 husoma miaka minne, na mwaka wake wa kwanza hufidia mengi ambayo sisi huyasoma kidato cha tano na cha sita. Mpangilio wa kozi baada ya hapo ni ule ule, kwa hiyo naye ataona pa kushika.

Kabla ya yote, ujue ukubwa wa mzigo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja una krediti 120. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka. Zigawanye kwa wiki kama 30 za masomo, unapata saa 40 kila wiki. Mihadhara, semina na maabara haziwezi kujaza saa hizo zote. Zinazobaki ni zako, na zimeshahesabiwa ndani ya shahada. Kozi ya krediti 12 ni saa 120; kama darasani zimeisha 60, kuna 60 nyingine za kukaa na karatasi na kalamu. Ziandike kwenye ratiba yako ya wiki kwa jina la kozi, kama ulivyoandika mihadhara. Saa isiyo na jina huliwa na mengine.

Miezi kabla ya chuo kufunguliwa

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hata ukienda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hubaki wiki za kutosha kufanya kazi moja muhimu: kurudia mada tatu za hesabu za kidato cha sita ambazo walimu wengi hulazimika kuzikimbiza kwa sababu muda umewaishia. Mada hizo ni vekta, namba changamano na milinganyo tofautishi. Usizirudie ili ukumbuke kanuni tu. Fanya maswali mpaka mkono uende wenyewe. Aliyepitia PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na kusoma BAM, yaani hesabu za msingi, badala ya hesabu kamili, kisha akapata nafasi ya kusoma fizikia, ana pengo kubwa zaidi na inambidi aanze mapema zaidi. Namshauri atafute kitabu cha hesabu za kidato cha tano na cha sita na akipitie chote, hasa sehemu za kutofautisha na kuunganisha.

Kitabu kimoja kitakachokufaa tangu hapo hadi siku ya mwisho ya shahada ni cha Mary Boas, Mathematical Methods in the Physical Sciences, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Sura zake nane za mwanzo zinapita kwenye mfululizo wa namba, namba changamano, matriksi na vekta, utofautishaji wa sehemu, intagrali za vigeu vingi, kalkulasi ya vekta, mfululizo wa Fourier na milinganyo tofautishi. Ukizitazama hizo sura, umetazama karibu hesabu zote zitakazodaiwa na kozi zako za fizikia. Ukipata bumu la kwanza, yaani fedha za mkopo za kujikimu, nunua nakala iliyotumika, au ulizia maktaba ina nakala ngapi na uwe mteja wake wa kudumu.

Mwaka wa kwanza na udanganyifu wake

Semesta ya kwanza utasoma mekanika, kalkulasi, pengine aljebra ya mstari, maabara ya kwanza, na zile kozi za lazima kwa wote kama stadi za mawasiliano. Semesta ya pili yataingia mawimbi na mwanga, kisha umeme na sumaku kwa ngazi ya kwanza. Ukifungua kitabu cha Halliday na Resnick utaona mada nyingi ni zile zile za Nelkon na Parker ulizozisoma sekondari. Hapo ndipo wengi wanapolegea. Wanategemea walichokuja nacho, wanapata B bila jasho, na wanadhani mwaka wa pili utakuwa hivyo hivyo.

Kilichobadilika ni namna ya kuanza swali. Sekondari ulipewa jiwe linaloanguka bila kuzuiwa na hewa, ukachagua mojawapo ya kanuni za mwendo na kuweka namba. Chuoni jiwe linaanguka ndani ya hewa, na kani ya kuzuia huchukuliwa kuwa inalingana na kasi. Hakuna kanuni ya kuchagua. Inakubidi uandike mwenyewe mlinganyo unaosema kasi inabadilikaje, na badiliko hilo linategemea kasi yenyewe. Ukiutatua unaona kasi ikipanda haraka mwanzoni, kisha polepole, mpaka inakaribia kiwango ambacho haikivuki. Baadaye kidogo, kwenye umeme, utakutana na kapasita inayochajiwa kupitia kizuizi, na mlinganyo ni ule ule. Kwenye fizikia ya nyuklia utakutana na elementi ya mionzi inayopungua, na umbo lake ni hilo hilo tena. Aliyetatua swali la jiwe kwa mkono wake amefanya kazi ya kozi tatu. Aliyelikariri kwenye madesa atalikariri mara tatu, kila mara kwa jina jipya.

Kwa hiyo mwaka huu kipimo chako kisiwe alama peke yake. Pima kama unaweza kuchukua hali iliyoelezwa kwa maneno ukaandika mlinganyo wake bila kuangalia mfano.

Hesabu zitangulie kwa semesta moja

Kanuni ninayokuomba uishike ni kwamba kila hesabu iwe imetangulia fizikia inayoihitaji kwa semesta nzima, si kwa wiki mbili. Mtu hawezi kujifunza chombo na kukitumia siku hiyo hiyo chini ya shinikizo la testi. Pale ambapo ratiba ya chuo inaziweka pamoja, au inaweka hesabu baadaye, wewe jifunze mwenyewe wakati wa likizo.

Joto na termodinamiki zinataka utofautishaji wa sehemu. Mkanganyiko mkubwa wa kozi hiyo, wa alama zile zenye herufi ndogo pembeni kuonyesha kilichoshikiliwa kisibadilike, ni mkanganyiko wa hesabu wala hauhusu joto. Mekanika ya Lagrange na Hamilton inataka hilo hilo pamoja na milinganyo tofautishi. Mekanika ya takwimu inataka uwezekano na ujasiri wa kushughulika na logi za namba kubwa mno. Fizikia ya yabisi inamtaka Fourier. Mekanika ya kwanta inataka aljebra ya mstari yenye namba changamano, hasa thamani na vekta za aigeni za matriksi, pamoja na uwezekano. Mwanafunzi aliyezizoea aigeni atakuta nusu ya mihadhara ya kwanza ya kwanta ni mambo anayoyajua yaliyovaa nguo nyingine.

Umeme na sumaku ngazi ya pili nauweka peke yake kwa sababu ndipo nilipoona wengi wakienda na maji. James Clerk Maxwell alipochapisha nadharia yake ya uga mwaka 1865, aliiandika kwa milinganyo mingi, mmoja kwa kila upande wa nafasi. Ile minne tunayoifundisha leo ilipatikana miaka ya 1880, Oliver Heaviside alipoiandika upya kwa lugha ya vekta. Ufupi wake wote umo ndani ya lugha hiyo: namna ya kupima uga unatawanyikaje kutoka kwenye nukta, na unazungukaje kuizunguka. Asiyeijua lugha anaona mistari minne ya alama. Anayeijua anaona kwamba chaji hutoa uga wa umeme, kwamba hakuna ncha ya sumaku iliyo peke yake, na kwamba uga mmoja ukibadilika huzaa mwingine. Kitabu cha David Griffiths, Introduction to Electrodynamics, kinafanya jambo la busara: sura yake yote ya kwanza ni kalkulasi ya vekta, kabla chaji hata moja haijatajwa. Likizo ndefu baada ya mwaka wa kwanza, hata kama sehemu yake itachukuliwa na fildi (mafunzo kwa vitendo), imalize sura hiyo pamoja na maswali yake. Sijui matumizi mengine ya likizo hiyo yatakayokulipa zaidi.

Kuna mbinu mbili ambazo nakusihi uzifuatilie tangu ukutane nazo mara ya kwanza, kwa sababu zinapita katika shahada nzima. Ya kwanza ni ya kitu kinachotikisika. Tungamo lililofungwa kwenye springi hurudishwa katikati kwa kani inayolingana na umbali wake. Mlinganyo wake ni mfupi na jibu lake ni saini na kosaini. Badilisha tungamo uweke koili, badilisha springi uweke kapasita, umbali uwe chaji, na umepata sakiti ya redio bila kubadilisha hata alama moja ya umbo la mlinganyo. Kwenye fizikia ya yabisi utakuta atomi zilizopangwa kwenye mistari zikitikisika kwa mlinganyo huo huo zikiwa zimeshikana mikono. Kwenye kwanta utaambiwa nishati ya kitu hicho haipandi kwa mtelezo bali kwa ngazi zilizo sawa. Mbinu ya pili ni ya kutenganisha vigeu: unachukua mlinganyo wenye nafasi na muda, au wenye x, y na z, na kuuvunja kuwa milinganyo midogo ya kigeu kimoja kimoja. Utaitumia kwenye uzi unaopigwa, kwenye joto linalosafiri ndani ya chuma, kwenye uga wa umeme ndani ya sanduku, na mwishoni kwenye elektroni ya atomi ya hidrojeni. Fungua daftari moja la kudumu kwa ajili ya hizo mbili. Kila zinapotokea tena, andika kozi gani, na nini kimechukua nafasi ya nini. Daftari hilo litakufaa kuliko muhtasari wowote wa mihadhara.

Kuhusu kufeli, hapa ndipo mahali pa kusema. Kwa wengine kukeri kozi, yaani kuirudia mwaka unaofuata, ni bahati mbaya ya semesta moja. Kwa mwanafunzi wa fizikia, ukifeli kozi ya mbinu za hesabu mwaka wa pili ukaikeri, utaisoma mwaka wa tatu ubavuni mwa kwanta inayoihitaji, na sasa unazihatarisha zote mbili. Kwa hiyo semesta ikiwa ngumu na nguvu hazitoshi, zielekeze kwenye kozi ambayo nyingine zimeiegemea, hata kama krediti zake ni chache kuliko za jirani yake. Kozi ya opsheni ikishuka ina hasara yake, lakini haivuti kitu nyuma yake.

Maabara

Maabara hudharauliwa kwa sababu krediti zake ni kidogo na ripoti za mwaka jana zinapatikana. Wanafunzi wanajua jibu linalotakiwa, wanapima, halafu wanalisogeza jibu lao mpaka lifanane. Hilo linanisikitisha kuliko sapu (mtihani wa marudio) yoyote, kwa sababu kupima ndiyo kazi ya fizikia, na ukitoka chuoni hakuna atakayekupa jibu la kusogelea.

Chukua jaribio la kawaida kabisa, la kutafuta mvutano wa dunia kwa pendulamu. Vitabu vingi vimeandikwa Ulaya na vinatoa mita 9.81 kwa sekunde mraba. Lakini karibu na ikweta mvutano ni mdogo kidogo, na kwa Dar es Salaam thamani yake ni 9.78. Tofauti ni kama asilimia 0.3. Je, vifaa vyako vinaweza kuiona? Pendulamu ya mita moja hubembea mara moja kwa takribani sekunde mbili. Ukihesabu mibembeo 20 unapata sekunde 40, na kidole chako kwenye saa kinaweza kukosea kama sekunde 0.2. Hiyo ni asilimia 0.5 ya muda, na kwa kuwa muda unaingia kwenye kanuni ukiwa umezidishwa kwa wenyewe, inakuwa asilimia 1 ya jibu. Hujaona kitu. Hesabu mibembeo 100, zaidi kidogo ya dakika tatu, na hitilafu ya jibu inashuka hadi asilimia 0.2. Pima urefu kwa usahihi wa milimita moja, unaongeza asilimia 0.1. Sasa umeanza kuitofautisha Dar es Salaam na London kwa uzi na jiwe. Lakini angalia: ukiiachia pendulamu kwa pembe ya nyuzi 10, muda wa mbembeo unarefuka kwa karibu asilimia 0.2, na jibu lako linashuka hadi karibu 9.74 bila kosa la saa wala la rula. Iachie kwa nyuzi tatu au nne.

Mwanafunzi aliyefanya hivyo na kuandika 9.78, jumlisha au toa 0.02, kisha msimamizi akamwekea alama ya kosa kwa kuwa si 9.81, ana haki ya kujitetea, na ana hoja za kumtetea. Hiyo ndiyo hali ninayotaka uifikie. Kitabu cha John Taylor, An Introduction to Error Analysis, kitakufundisha hesabu za hitilafu. Kisome kabla ya ripoti ya kwanza.

Tunamtaja sana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Tanga, aliyeona mwaka 1963 mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya wa baridi, akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Tunapaswa kulimaliza simulizi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuupata mwenendo huo, wakaonyesha kwamba kuiweka thamometa juu au chini kwa sentimita moja kunatosha kuleta tofauti ya uongo. Mjadala unaendelea. Swali la Mpemba halikupoteza thamani yake. Linatufundisha kuandika kwenye ripoti mahali hasa tulipoiweka thamometa.

Pamoja na maabara, jifunze kuandika programu kuanzia mwaka wa kwanza, hata kama kozi ya kompyuta inakuja baadaye. Python ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya zamani. Anza na kuchora grafu za data zako mwenyewe. Kisha rudia swali la jiwe na hewa kwa kuhesabu hatua ndogo ndogo za muda, na ulinganishe na jibu ulilolipata kwa kalamu. Milinganyo mingi ya kazini haina jibu la kalamu.

Mwaka wa pili na kuchagua njia

Kufikia mwisho wa mwaka wa pili utatakiwa kuchagua opsheni. Usichague kwa jina wala kwa sifa ya mhadhiri mpole. Uliza kazi gani zipo na zinataka kozi zipi. Anayewaza mionzi ajue kuna Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, na kuna hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi, kama Ocean Road Dar es Salaam na Bugando Mwanza, ambako mwanafizikia wa tiba ndiye anayehakikisha kipimo cha mionzi kinachomfikia mgonjwa. Huyo achukue fizikia ya nyuklia, elektroniki na takwimu, na ajue kuwa atahitaji mafunzo zaidi baada ya shahada. Anayependa ardhi aangalie jiofizikia: Bonde la Ufa linapita kwetu, na Kenya imekuwa ikizalisha umeme wa jotoardhi Olkaria tangu 1981. Huyo asikwepe mawimbi wala Fourier. Anayeelekea hali ya hewa achukue termodinamiki na mwendo wa vimiminika, na programu kwa bidii zote. Anayetaka nadharia ajazie kozi za hesabu kila penye nafasi.

Kama umesajiliwa kwenye shahada ya sayansi na ualimu, hali yako ni tofauti na inahitaji uamuzi wa mapema. Nafasi zako zimegawanywa kati ya masomo mawili ya kufundishia na kozi za elimu, na kozi za juu za fizikia zitakuwa chache. Kama unakusudia kufundisha, usijione umepungukiwa: mekanika, umeme na mawimbi yakiwa imara kabisa, pamoja na maabara uliyoifanya kwa mikono yako, utakuwa mwalimu ambaye shule nyingi zinamtafuta. Kama unawaza shahada ya uzamili ya fizikia, angalia mapema kama kwanta na umeme wa ngazi ya pili vimo kwenye orodha yako. Visipokuwemo, omba kuvichukua kama opsheni, kwa sababu ndivyo vitakavyoulizwa kwanza.

Mwaka wa tatu

Kwanta, umeme wa pili, mekanika ya takwimu, yabisi, nyuklia, na mradi. Uliyoyajenga yatakubeba. Nitasema mawili tu. Pasti pepa zitumie kwa kujipima baada ya kumaliza mada, ukiwa na saa mezani na daftari limefungwa. Ukizitumia kama silabasi utajua maswali ya miaka iliyopita na hutajua kozi. Na kundi la diskasheni liwe la watu watatu au wanne ambao kila mmoja amekwisha kujaribu maswali peke yake. Diskasheni ambayo mmoja anafundisha na wengine wananakili humfaa huyo mmoja tu.

Mradi uchague kwa kumwangalia msimamizi na vifaa. Je, mhadhiri yupo chuoni mwaka huu au yuko masomoni? Kifaa kinachohitajika kinafanya kazi leo, au kinasubiri kipuri? Swali dogo linalojibika kwa data unayoweza kuipata, kwa mfano nguvu ya jua ya miezi kadhaa mahali pamoja, au mionzi ya asili ya udongo wa maeneo mawili, litakupa ripoti ya kweli. Kichwa kikubwa kisicho na vifaa kitakuachia kurasa za kunakili.

Kwa anayetaka kuendelea, milango ipo na mingine iko karibu. Kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea, kina diploma ya mwaka mmoja inayolipiwa na inayoziba pengo kati ya shahada ya kwanza na utafiti. Kigali kuna EAIFR, taasisi shirika ya ICTP ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, na kuna AIMS inayofundisha uzamili wa sayansi za hesabu. Nyumbani, nafasi ya mkufunzi msaidizi kwenye vyuo vya Tanzania hudai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. GPA huhesabiwa kwa uzito wa krediti, na alama za mwaka wa kwanza zina nguvu sawa na za mwaka wa tatu. Ukiwa na B nyingi za mwaka ule uliodhania mwepesi, utazitafutia fidia kwenye kwanta.

Jambo la mwisho la kufanya kabla hujaondoka chuoni ni la makaratasi. Kusanya muhtasari rasmi wa kila kozi uliyosoma, unaoonyesha mada na vitabu, kwa sababu chuo cha nje kikiona jina la kozi kwenye transkripti hakijui ulifika wapi ndani yake, na kitauliza. Ongea na wahadhiri wawili au watatu wanaoijua kazi yako, mmoja wao awe msimamizi wa mradi, uwaombe ridhaa ya kukuandikia barua za kukutambulisha. Waachie nakala ya ripoti yako ya mradi na orodha ya alama zako, pamoja na barua pepe utakayokuwa ukiifungua, ili mwaka mmoja baadaye ukiwaandikia wawe na cha kusoma kabla ya kuandika.